Jiwe linapimwa, maiti hapana

Siku ya posho, tarehe 15 Novemba 2025, daraja la Kalando, upande wa Mulondo, lilianguka na wachimbaji juu yake. Serikali ya jimbo ilihesabu wafu 32. Ripoti ya Saemape ilihesabu 40. Jimbo lilisema watu waliingia kwa nguvu ndani ya kariere iliyokuwa imekatazwa juu ya mvua. Saemape ilisema kulikuwa risasi za basoda waliokuwa wanalinda, watu wakashikwa na woga, wakakimbilia daraja wote pamoja. Tukio ni moja, siku ni moja, lakini hesabu ni mbili na sababu ni mbili. Na pa KOV, tarehe 27 Juni 2019, ilikuwa vile vile: hesabu ilianzia 36, ikapanda mpaka 43.

Gazeti si tribinali, hatutasema nani ana haki. Tunauliza neno lingine. Kati ya wale waliotolewa majini na udongoni, ni wangapi walilala mbele ya daktari aliyesomea maiti, kabla ya kuzikwa? Mtu aliyepigwa risasi, mtu aliyekunywa maji, mtu aliyebanwa na wenzake mpaka pumzi ikakatika: mama anayelia anaona mtoto wake tu. Aliyesomea kazi ile anaona vifo vitatu tofauti, na anaweza kuviandika kwenye karatasi ambayo procureur hawezi kuitupa.

Sasa mutazame namna tunavyotendea jiwe. Pale Musompo, gunia likifika kwa négociant, kitu cha kwanza ni Metorex. Anaelekeza mashine, anangoja kidogo, teneur inatoka: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki. Mchimbaji ananung'unika, "Metorex ya huyu iko mubaya," anabeba gunia lake kwa dépôt ingine. Kwenye kampuni kubwa ni zaidi tena. Kipande cha jiwe kinatiwa ndani ya mfuko, mfuko unafungwa na kuandikwa namba, labo ya muuzaji inapima, labo ya mnunuzi inapima, na wasiposikilizana wanatafuta labo ya tatu. Kila mkono ulioshika ule mfuko unajulikana.

Ile ndiyo forensiki yenyewe, wasomaji wetu. Kuchukua kitu, kukifunga vizuri, kuandika nani alikishika, kukipima kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kurudilia na kupata jibu lile lile. Watoto wetu wa Kolwezi, Fungurume na Likasi wanafanya hii kazi usiku na mchana juu ya jiwe. Juu ya mtu, bado.

Wazazi wengi wanachanganya njia mbili za masomo haya, basi tuzitenganishe. Ya kwanza ni médecine légale. Ile inataka mtu amalize kwanza udaktari wote, kisha aongeze miaka ya kujifunza otopsi. Na si wafu tu: daktari huyu ndiye anayemwangalia mama aliyebakwa, mtoto aliyepigwa, kijana anayebishaniwa miaka yake. Ya pili inaitwa science forensique. Hii haitaki udaktari. Inataka kemia, biolojia, fizikia: alama za vidole, ADN, sumu, risasi, karatasi za bandia. Mwenye licence ya kemia anaweza kuomba master, na kwa mfumo wa LMD master ni miaka miwili. Université de Lausanne, kule Uswisi, inafundisha kazi hii tangu mwaka 1909, ndiyo shule ya kwanza ya namna hii duniani, na inafundisha kwa Kifaransa. Liège, kule Ubelgiji, kuko institut ya médecine légale. Karibu zaidi ni Cape Town, lakini kule ni Kiingereza.

Mtu asituambie kwamba Mkatanga hawezi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walipima damu na mkojo wa wakaaji wa Kasulo, kartye ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Matokeo yalitoka mwaka 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi mwilini kuliko watu wa kartye ya karibu, na watoto walizidi. Toka siku ile, hakuna anayeweza kusema kwamba mavumbi ya Kasulo ni hadithi ya bamama wa soko. Ni kipimo. Na aliyekifanya ni mtu wa kwetu, kwa elimu iliyo ndugu ya hii tunayoizungumza.

Najua swali la msomaji: watu wanakosa unga, sisi tunaleta habari ya master. Basi tushuke mpaka nyumbani.

Baba anafanya kazi kwa sous-traitant. Anaanguka kazini, anapelekwa lopitali, anakufa usiku. Karatasi inaandikwa "mort naturelle", juu daktari wa zamu hana muda wala vyombo, na hakuna aliyemuomba kutafuta zaidi. CNSS ina malipo kwa mjane na yatima wa mtu aliyekufa juu ya kazi. Lakini mort naturelle si kazi. Maneno mawili tu, na watoto wanatoka masomoni. Je, kifua chake kilijaa gaz? Moyo ulikuwa mgonjwa tangu zamani? Kichwa kilipasuka ndani? Otopsi inaweza kujibu, na jibu linaweza kumpa haki kampuni vile vile kama mjane. Hatuombi daktari wa upande wetu. Tunaomba daktari anayejua.

Na kama hakuna jibu, tunajua nini kinakuja kilioni. Mtu mmoja anasema, "Huyu hakufa bure, balimukula." Macho yanageuka kwa mjomba, ama kwa mjane mwenyewe, ambaye jana alikuwa bibi na leo ni mulozi. Nyumba inachukuliwa, sufuria zinachukuliwa. Tumeona mara ngapi? Ukosefu wa daktari mmoja unazaa walozi kumi.

Tusifikiri kwamba kazi ni ya siku moja. Kule Kenya, katika msitu wa Shakahola, walianza kufukua mwezi wa Aprili 2023, wakatoa maiti zaidi ya 400. Ndugu walitoa ADN yao ili ilinganishwe na ya wafu, na familia za kwanza zilipewa watu wao Machi 2024. Karibu mwaka mzima, lakini kila familia iliyopewa ilijua inamzika nani. Sisi, mwaka 2010, Floribert Chebeya alipokutwa amekufa Kinshasa, wataalamu wa otopsi walitoka Uholanzi. Mchimbaji wa Kapata hatatumiwa ndege kutoka Uholanzi.

Franga ziko. Kodeksi ya madini ya 2018 inapatia jimbo 25% za redevance minière na ETD 15%. Inalazimisha pia kila kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Tumeona visima, masomo, lopitali zilizojengwa kwa ile 0,3%, na tumeona pia majengo yenye rangi nzuri na milango imefungwa. Burse ya daktari mmoja na wakemia wawili haitamaliza sanduku la mtu yeyote.

Wengine watasema hawatarudi. Ni kweli, wengi hawarudi. Basi burse iandikwe kwa mkataba: miaka mitano ya kazi Lualaba baada ya diplôme, ama kurudisha franga zote. Na wakirudi wasikute meza tupu: morgi yenye baridi isiyokatika na courant, chumba cha otopsi, na parke inayowatumia réquisition badala ya kumwita daktari yeyote aliye karibu. Pasipo vile, tutakuwa tumenunua Metorex bila betri.

Wajumbe wa wakaaji wanakaa na kampuni juu ya cahier des charges, na wengine wanakaa ndani ya kamati za 0,3%. Ni majirani zetu, tunajua nyumba zao. Muwaendee kabla ya mkutano ujao, na muwape mistari mitatu ya kuandika: burse ngapi, kwa masomo gani, na nani atatia sahihi.