Viatu Vyeusi na Miguu Inayotoka Jasho

Juma hili tunaanzia darasani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alihamia benchi ya nyuma bila sisi kumtuma. Tulidhani ni utundu. Kumbe wenzake walikuwa wakiziba pua kwa sababu ya miguu yake. Juma lililofuata alikosa masomo siku mbili.

Mama yake alipokuja alikuwa na haya. Alisema anamwosha miguu kwa sabuni kila jioni, nasi tunamwamini. Mtoto anashuka kutoka Kadutu asubuhi na kupanda tena mchana, na viatu vyake ni vya plastiki, vyeusi, vya kufunga mguu wote.

Nyayo zina tezi nyingi sana za jasho, na kuna watu wanaotokwa jasho kuliko wengine, hata wakioga mara tatu. Jasho lenyewe karibu halinuki. Vijidudu vya ngozini vinalila, harufu inatoka hapo, na plastiki inavipa joto na unyevu vinavyopenda. Ukiona ngozi kati ya vidole vya mwisho imekuwa nyeupe, inachanika na kuwasha, hiyo ni kuvu: mpeleke mtoto kituo cha afya, asichekwe.

Pale sokoni Nyawera, usinunue kwa kung'aa. Ingiza mkono ndani ya kiatu. Kama ndani nako ni plastiki laini, kirudishe. Ngozi ya kweli ukiibonyeza kwa kidole inafanya mikunjo midogo, na ukingo wake uliokatwa una nyuzinyuzi. Kitambaa kizito ni kizuri pia, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Viatu vya mitumba vya kutembelea milimani, vyenye wavu juu, vinapitisha hewa kuliko vyote, ila potopoto nayo inapita. Kijaribu mchana, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba mbele, maana katika miteremko yetu vidole vinasukumwa mbele. Angalia pia kama soli ya ndani inatoka: itoe kila jioni.

Wakati wa mvua tunashauri mabuti ya mpira kwa njia tu. Viatu vikae ndani ya mfuko, mtoto abadilishe akifika, pamoja na soksi kavu. Usiku jaza viatu magazeti makuukuu, uviweke penye upepo. Si kando ya mbabula! Ngozi inapasuka na gundi inaachia (tumeshapoteza jozi moja namna hiyo nyumbani kwetu).

Sasa neno kwa walimu wenzetu. Sheria ya masomo mengi inataka viatu vyeusi vya kufunga. Mzazi mwenye pesa kidogo anasikia hivyo na kununua plastiki, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini cheusi cha kitambaa nacho ni cheusi. Mtoto wetu alinunuliwa vya namna hiyo, akarudi benchi ya pili, na siku ya tatu akasimamishwa mlangoni kwa sababu «hivyo ni viatu vya michezo». Jambo hilo tutalipeleka kwenye mkutano wa wazazi Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo aje, na aje na viatu vyenyewe mkononi.