Mizani Nayo Ipigwe Picha



Sisi tunaopiga picha za gazeti letu hili siku zetu nyingi huishia barabarani. Kila tunapotoka Masaka alfajiri, hapa wilayani Kicukiro, tunapishana na wenzetu wa zamu ya usiku wakirudi makwao, wengine kwa miguu, wengine juu ya pikipiki. Ukungu bado umelala bondeni. Mgeni akifika mahali hapa husimamisha gari, akatoa kamera, akaupiga mlima, akaupiga ukungu, kisha akaenda zake. Wale wa zamu ya usiku hawamo katika picha yake.

Jambo hili tumelifikiri kwa muda mrefu. Rwanda imepigwa picha mara nyingi sana kwa sababu mbili: vita na uzuri wa nchi. Sababu ya tatu, yaani kazi, inasahauliwa. Na bila kazi hakuna nchi.

Chukueni mfano wa Mulindi. Hatusemi ile Mulindi iliyo jirani yetu, upande wa Kanombe. Tunasema Mulindi ya upande wa Byumba, njia ya Gatuna, kwenye bonde la chai na kiwanda chake. Vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990 vililifikia bonde lile, likawa makao makuu ya jeshi la RPF. Baada ya mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993, wapiganaji 600 waliondoka huko mwezi Desemba kuja Kigali. Leo pana makumbusho ya ukombozi, na wasafiri husimama njiani kupiga picha majani ya chai yaliyotanda bondeni kama mkeka.

Hatulaumu. Historia na ihifadhiwe, na uzuri wa nchi usifiwe. Lakini kila mkulima wa chai anajua kwamba chai haimngoji mtu. Isipochumwa hukua ikawa miti. Mkeka ule unaosifiwa umetandikwa na mikono, jani kwa jani, na baada ya vita ni mikono hiyohiyo iliyokata, ikapalilia na kuchuma upya. Je, picha za mikono hiyo ziko wapi?

Hata katika kazi yetu wenyewe ya kamera, jasho la wengi hufichwa nyuma ya jina moja. Wengi wamesikia habari za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963. Huyu alipiga picha za vita, akatoa vitabu vya safari na mandhari ya Afrika Mashariki, na picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, naye akapoteza mkono wa kushoto. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, mwenzake John Mathai, fundi wa sauti, aliuawa. Amin alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara karibu na visiwa vya Komoro, na dunia ilimlilia, kwa haki. Lakini Mathai anakumbukwa na wangapi? Na madereva wanaowapeleka wapiga picha vitani, nani anawakatia bima?

Tulipokwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, tulisimama kimya katika chumba kilichotundikwa picha za marehemu. Picha zile zililetwa na jamaa zao. Ni picha za nyumbani na za sherehe, za watu waliovaa vizuri wakatazama kamera. Aliyezipiga hakutafuta sifa. Alifanya kazi yake ya siku ile, akalipwa, akaenda nyumbani. Leo ndizo zinazotuonyesha kwamba waliouawa walikuwa watu, kila mmoja na uso wake na jina lake. Hapo tulijifunza kwamba picha ya heshima ni ile inayomjali mtu angali hai.

Siku moja tulikuwa katika shamba la chai tukiwapiga picha wachumaji. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni alituuliza kwa nini tunampiga yeye na jua la asubuhi, na mizani hatuigusi. Tulinyamaza. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mizani ikidanganya, au makato ya maji na kikapu yakizidi, chakula cha watoto kimepungua. Yule mama alitufundisha kazi yetu kuliko mwalimu yeyote.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kwanza, mfanyakazi aulizwe kabla ya kupigwa picha, aambiwe itatumika wapi, na kama inauza bidhaa, alipwe. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa za mtu binafsi ipo. Uso wa mtu si mali ya apitaye. Pili, sheria ya kazi ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya kazini. Basi wawakilishi wetu watumie simu zao kuweka ushahidi: mashine isiyo na kinga, sakafu yenye mafuta, mizani isiyokaguliwa. Waandike tarehe na mahali, na wapeleke chamani, wasimwache mtu mmoja aubebe ushahidi huo peke yake. Tatu, dereva, fundi wa sauti na kibarua anayebeba vyombo wapewe bima ileile apewayo mwenye kamera.

Nasi wapiga picha tunajitia katika ahadi hii. Tutaendelea kuipiga milima, kwa maana ni yetu. Lakini jioni tukirudi Masaka, wakati zamu ya usiku inaingia kiwandani, tutashuka garini, tutawaamkia, tutawauliza majina, ndipo tutafungua kamera.