Mtoto Apimwa Kilo, Mama Je?

Najua kuna wavulana watakaosema, "Hayo ni mambo ya wanawake, mpelekee shangazi yako." Waseme tu. Wote walizaliwa.

Mwaka jana dada yangu alijifungua salama. Nyumbani kukawa na shangwe, uji wa wimbi ukapikwa, akina mama wakaja na kuku. Wiki ya pili akaanza kulia ovyo. Halali hata mtoto akilala. Chakula kinapoa mbele yake. Jirani mmoja akasema anaringa, mwingine akanong'ona kuwa ni chira, eti kuna mwiko umevunjwa. Mimi mwenyewe, najuta kusema, nilidhani ni uvivu, manake nepi zote nilifua mimi.

Wiki ya sita akampeleka mtoto kliniki. Mtoto akapimwa kilo, akadungwa sindano, kila kitu kikaandikwa kijitabuni. Dada akaambiwa tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyemwuliza, "Na wewe mama, waendeleaje?"

Hapo ndipo ninapolalamika. Hapa Kisian tuna KEMRI, ambako mbu wa ziwa hili wanajulikana kwa aina na kwa tabia. Mjamzito hupewa chandarua na dawa ya kuzuia malaria, na hilo ni jema sana. Lakini huzuni ya mzazi haionekani kwa hadubini, kwa hivyo huachwa. Na si jambo la nadra! Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya 100 wenye mimba, na 20 kati ya 100 waliojifungua, hupata matatizo ya akili, hasa ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Kwenye foleni ya akina mama 50 wenye vichanga, hao ni 10.

Wengine hudai haya ni magonjwa ya Wazungu. Sikubali hata kidogo. Daktari John Cox wa Uingereza alifanya utafiti Uganda miaka ya 1970, akakuta Waganda wana jina lao wenyewe la wazimu unaompata mzazi: amakiro. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10, yajulikanayo kwa jina la mji wa Edinburgh. Mama huyajibu kwa dakika chache. Hayataki mashine wala stima. Hayasemi kwa yakini kuwa mtu ni mgonjwa, ila yanaonyesha nani aangaliwe zaidi. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya wa vijijini zaidi ya 100,000. Kama wanaingia bomani na mzani, mbona wasiingie na maswali hayo pia? Ila wamwulize mama akiwa peke yake. Mbele ya mama mkwe nani atasema kweli?

Swali la mwisho ni zito, linauliza kama mama amewaza kujidhuru. Zamani ungeogopa kulijibu, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi kisingizio kimoja kimekwisha.

Mambo haya hayaanzi wala kuishia kwenye uzazi. Kuna mama zetu wanaokoma hedhi, hawapati usingizi, nasi twasema wamekuwa wakali. Kuna msichana aliyerudi shuleni baada ya kuzaa, kama mwongozo wa serikali wa 2020 unavyomruhusu, halafu darasa zima linamwita "Mama Mtoto". Nasi twacheka!

Dada alipona. Shangazi mmoja alimpeleka Kisumu kuonana na mshauri, akaenda mara sita, nami nikabaki na mtoto.

Mwalimu wa ushauri nasaha, tafadhali tutengee Jumatano moja baada ya michezo. Wasichana wa Kidato cha Tatu tuna maswali mengi, na wavulana wakitaka kuja, viti vipo.