Mgeni wa Moshi Asilishwe Kamba

Desemba ikifika, Wachaga wakarudi nyumbani na wageni wao, utasikia kauli moja kila kona ya Moshi: huyu si mtu wa kumpeleka kwenye ndizi, tumtafutie hoteli yenye samaki wa bahari. Imani hiyo imeota mizizi. Hoteli ya hadhi, tunaambiwa, ni ile yenye kamba, pweza, ngisi na nguru kwenye menyu, na perege ni chakula cha mtu ambaye mfuko umemkatalia. Naipinga imani hii yote. Inatulisha vibaya, inatutoza ghali, na inawazoesha vijana wetu wa hotelini kusema uongo.

Tuanze na barabara. Kutoka Tanga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, ni zaidi ya 500. Samaki huanza kuharibika punde tu anapokufa, na kinachochelewesha hali hiyo ni baridi isiyokatika. Sasa hesabu mikono anayopitia: mvuvi, mnadani, mchuuzi, boksi la barafu kwenye basi la usiku, friza ya muuzaji wa Moshi, kisha friza ya hoteli. Kila mkono hufungua boksi, na umeme nao hukatika. Waliokuwepo wakati wa mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa mwanzoni mwa 2024, wanajua friza zilivyokuwa zikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Barafu inayojengeka taratibu ndani ya mnofu huupasua, na ukiyeyuka maji yake mengi huvuja pamoja na utamu. Ndiyo maana nguru wa hoteli zetu huja mkavu, amezamishwa kwenye sosi nzito ya nyanya ili usiugundue ukavu wake.

Ukavu ni hasara ya ulimi tu. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kikamgonga na mwili ukamwasha, akadhani ana mzio wa samaki. Amelishwa samaki aliyepoteza baridi njiani.

Nimtendee haki pweza. Yeye huvumilia friza kuliko wote, na kugandishwa humlainisha. Kamba naye, akigandishwa mara moja palepale pwani na asiyeyuke hadi jikoni, ni chakula kizuri. Ugomvi wangu si na friza. Ni na neno "freshi". Muulize mhudumu samaki ameingia lini, atakujibu, "Leo asubuhi, mzee wangu." Rudi siku nyingine yoyote, jibu ni lilelile. Simlaumu kijana, maana amefundishwa kusema hivyo na anaogopa kibarua chake. Namlaumu aliyemfundisha. Katika hoteli moja nimeletewa mnofu ulioitwa changu, mnene na mpana kuliko changu yeyote aliyewahi kuvuliwa. Ulikuwa sangara wa Ziwa Victoria, samaki mwema kabisa akiitwa kwa jina lake na kuuzwa kwa bei yake.

Wakati huohuo, kama kilomita 50 kusini mwa mji, kuna Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 mahali Kikuletwa na Ruvu zinapokutana kuufanya mto Pangani. Maji yake ni maji yetu. Karanga na Weruweru, mito tunayoivuka kila siku kwenye barabara ya Arusha, huishia Kikuletwa. Perege wa humo amekulia katika maji yaliyoshuka kutoka mlima huuhuu wa Kilimanjaro, na akivuliwa usiku anaweza kuwa Moshi kabla ya saa sita mchana. Sokoni unamkagua mwenyewe: unafunua shavu uone kama matamvua ni mekundu, unatazama kama jicho limetokeza na kung'aa, unabonyeza mnofu uone kama unarudi. Ni hoteli gani ya kamba iliyowahi kukuruhusu ufanye hivyo?

Wanaomdharau perege humshitaki kwa harufu ya tope na miiba. Harufu ya tope ipo, na mama lishe yeyote anayejua kazi yake huiondoa kwa ndimu na chumvi kabla samaki hajagusa mafuta. Miiba inataka mkono na subira. Samaki mzima aliyekaangwa ngozi ikakauka, na ugali, kachumbari na pilipili, haliwi kwa uma huku ukitazama simu.

Dharau hii ina madhara hadi majini. Serikali imewahi kulifunga bwawa la Nyumba ya Mungu ili samaki wazaliane, baada ya makokoro na nyavu za macho madogo kuwamaliza wachanga. Mvuvi atamwacha perege akue kama kuna mnunuzi anayemlipa vizuri kwa samaki mkubwa, na mnunuzi huyo angepaswa kuwa hoteli za Moshi. Hoteli hizo fedha ya mvuvi huyo zimeipeleka Tanga. (Perege wa Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, simpigii debe. Kwa asili hapatikani kwingine duniani na yumo hatarini kutoweka. Huyo aachwe majini.)

Wako pia wazee wanaokimbilia samaki wa bahari kwa sababu ya gauti, baada ya daktari kuwakataza nyama choma na bia. Wanaagiza sahani ya kamba wakiamini wamejiokoa. Kamba na jamii yake, pamoja na dagaa, ni miongoni mwa vyakula ambavyo mgonjwa wa gauti huambiwa avipunguze. Daktari hakumaanisha wahamie huko.

Na huyo mgeni tunayemtetea ni nani? Mara nyingi ametoka Dar es Salaam, ambako kamba anamnunua Feri akiwa bado na harufu ya bahari. Kapanda mlima kuja kwetu, nasi tunamrudishia chakula cha kwao kikiwa kimechoka. Mtori hajaonja. Machalari ya mshare na nyama yenye mfupa hajaona. Kiburu hajakisikia hata jina. Kumficha mgeni chakula chako kwa aibu ni kumnyima heshima.

Kuna Wadigo, Wabondei na Waswahili wa pwani waliohamia Moshi kikazi, na hamu yao ya bahari ni halali. Pwani yenyewe ilishawatengenezea njia kabla friza haijazaliwa: ng'onda, na papa mkavu wa chumvi. Hao husafiri kilomita zote hizo bila kumdanganya mtu, na wakiingia kwenye tui la nazi hawana cha kuonea haya. Sokoni wanauzwa. Nawataka wenye hoteli wawaweke kwenye menyu, na mbele ya kila samaki mwingine waandike ametoka maji gani, ameingia jikoni siku gani, na kama amegandishwa. Asiyeweza kuyaandika hayo amwondoe huyo samaki kwenye menyu yake.