Kiatu ni mashine, kiandikeni kwenye matokeo

Haya wasomaji, leo siandiki juu ya programu wala simu mpya. Naandika juu ya viatu. Mliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata mnisamehe, itakuja wiki ijayo (najua, nilisema hivyo hivyo wiki iliyopita).

Jumamosi moja nilikuwa hapa Kapkatet, nimesimama kwenye lundo la mitumba kando ya barabara kuu inayoelekea Sotik. Mawingu ya saa nane yalikuwa yameanza kujikusanya kama kawaida. Akaja mwendesha bodaboda, akaegesha pikipiki, na miguuni amevaa Nike Vaporfly. Nilidhani ni bandia, maana bandia zimejaa, lakini nilipoinama kuziangalia nikaona ni zenyewe. Soli nene iliyokuwa nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya udongo wetu, na kisigino kimelika upande mmoja. Nikamwuliza alizitoa wapi.

"Hapa hapa kwa huyu mama. Mia nane. Si unaona rangi yake?"

Kweli rangi ilikuwa inawaka. Siku hizi raba yenye soli nene ndiyo fasheni, kuanzia Nairobi mpaka huku kwetu kwenye majani chai. Yeye alikuwa amenunua kiatu cha kupiga luku, na kwa kazi hiyo hakuibiwa hata senti.

Tatizo ni kwamba nyuma yangu alikuwa amesimama mpwa wangu. Mpwa wangu anakimbia. Alikuwa anatafuta raba ya mazoezi, na zake za wakati ule zilikuwa zimeshonwa mara mbili na fundi wa pale stendi. Aliangalia vile viatu vya bodaboda bila kusema neno. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo akaniuliza: "Mjomba, vile viatu vinakimbiza kweli ama ni matangazo tu?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoletewa na wateja. Nikakaa nikasoma.

Jibu fupi: vinakimbiza, lakini si kila mtu, na si vikiwa vimezeeka.

Ndani ya kiatu cha namna hii kuna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kuna povu jepesi sana ambalo likikandamizwa linarudisha sehemu kubwa ya nguvu uliyolipa, na katikati ya povu kuna bamba la kaboni, gumu, lililopinda. Povu peke yake likiwa nene hivyo lingeyumba kama godoro. Bamba linalituliza na kupunguza kazi ya vidole na kifundo cha mguu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapima wakimbiaji 18 na kukuta kwamba mfano wa kwanza wa kiatu hicho ulipunguza nguvu inayotumika kwa wastani wa asilimia 4, ukilinganishwa na viatu bora vya mashindano vya wakati huo. Tafadhali tusichanganye: asilimia 4 ya nguvu si asilimia 4 ya muda. Kwenye saa faida ni ndogo kuliko hiyo. Lakini mbio ngapi zimeamuliwa na asilimia moja?

Kiatu kilianza kuuzwa madukani mwaka 2017 kwa dola 250. Sasa sikiliza sehemu inayoniudhi. Marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Rio ilikimbiwa mwaka 2016. Wote watatu waliopanda jukwaani, yaani Eliud Kipchoge, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani, walikuwa wamevaa toleo la majaribio la kiatu ambacho hakikuwa kwenye duka lolote. Sisemi Kipchoge asingeshinda. Yule angeshinda hata kwa akala. Ninasema mwenzake wa nafasi ya nne hakujua kwamba anashindana na mashine ambayo hakuwa na mahali pa kuinunua.

Halafu ikaja Oktoba 2019. Tarehe 12 Kipchoge akakimbia Vienna kwa saa 1:59:40 (haikuhesabiwa rekodi, kwa sababu ya wasaidizi wa mwendo na mengineyo), na kesho yake Brigid Kosgei akakimbia Chicago kwa saa 2:14:04. Rekodi aliyoivunja, 2:15:25 ya Paula Radcliffe, ilikuwa imekaa tangu 2003. Miaka kumi na sita! Hapo ndipo wakubwa wa riadha walipoamka. Tarehe 31 Januari 2020 World Athletics ikatoa kanuni: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu, na kuanzia tarehe 30 Aprili mwaka huo kiatu kiwe kimeuzwa sokoni kwa wote angalau miezi minne kabla ya kutumika kwenye mashindano. Baadaye kanuni zikabadilishwa tena, na matoleo ya majaribio yakaruhusiwa kwa muda maalum.

Mimi nimekwama kwenye maneno mawili: "kwa wote."

Kwetu sisi watengeneza programu kuna ugonjwa kama huo. Mtu anatengeneza tovuti nzito ya kutisha, anaifungua kwenye kompyuta yake mpya ofisini, inafunguka kwa nusu sekunde, anasema iko tayari na inapatikana kwa kila mtu. Halafu mama wa Chebilat anajaribu kuifungua kwenye simu ya shilingi elfu sita, inazunguka mpaka betri inakufa. Inapatikana, ndiyo. Kwa nani?

Tupige hesabu. Dola 250 kwa bei ya leo ni zaidi ya shilingi 32,000, kabla ya usafiri na ushuru. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha husubiri bonasi. Chukulia shilingi 25 kwa kilo. Jozi moja ni karibu kilo 1,300 za majani mabichi, yaliyochumwa kwa mkono, jani kwa jani, na hujatoa pesa ya mchumaji wala mbolea. Bonasi ya 2025 mnakumbuka ilivyoshuka huku magharibi mwa Bonde la Ufa, na kelele zilizofuata. Dada yangu alinunua gambuti mpya na kulipa karo, bonasi ikaishia hapo. Mwaka 2023 Adidas walitoa kiatu cha dola 500, gramu 138 tu, na wao wenyewe wakasema kimetengenezwa kwa marathoni moja pamoja na mazoezi kidogo ya kukizoea. Marathoni moja. Tigist Assefa alikivaa Berlin akakimbia 2:11:53, rekodi ya dunia ya wakati huo.

Mtu ataniambia: acha kulia, nyinyi watu wa Kericho mlikuwa mnashinda kabla ya povu kuvumbuliwa. Kweli. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki ililetwa na Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho hii hii, shaba ya mita 800 Tokyo 1964, halafu akaongeza fedha Mexico 1968. Faith Kipyegon alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 2011 akiwa peku. Na Beatrice Chebet, binti wa Londiani, ni mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29 (28:54.14, Eugene, Mei 2024) na wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14 (13:58.06, Eugene tena, Julai 2025).

Hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Kiprugut alipokimbia, viatu vya mashindano vya dunia nzima havikutofautiana kwa kiasi cha kubadilisha matokeo. Saa ilimpima mtu. Leo saa inampima mtu na mashine kwa pamoja, halafu tunaandika jina la mtu peke yake. Na Chebet wa leo havai mitumba.

Mwenye kazi yangu anajua kosa hilo. Ukitaka kujua kama programu yako imeongezeka kasi, huruhusiwi kubadilisha kompyuta katikati ya kipimo. Ukibadilisha, unaandika. Kijana wa mwaka wa kwanza chuoni akiniletea namba mbili bila kuniambia kila moja ilitoka kwenye mashine gani, namrudishia karatasi yake.

Lakini riadha inafanya hivyo kila wiki. Angalia muda wa kufuzu marathoni ya Olimpiki kwa wanaume: Rio 2016 ulikuwa 2:19:00, Tokyo ukawa 2:11:30, Paris 2024 ukawa 2:08:10. Viatu si sababu pekee, kwa maana waliingiza pia njia ya kufuzu kwa nafasi ya mkimbiaji duniani. Hata hivyo, namba hizo zinapangwa na watu wanaotazama matokeo, na matokeo yamejaa povu. Mameneja nao wanatazama matokeo yale yale. Kikwazo kinashuka kama mteremko mpaka kinamfikia kijana wa Kapkatet ambaye povu hilo amelionea kwa bodaboda.

Mpwa wangu alienda kwenye mchujo mmoja, sitasema wapi wala wa nani. Kilomita 10, nusu lami nusu udongo. Waliambiwa anayeingia chini ya dakika 30 ataingia kambini na kupewa viatu. Yeye akatumia 30:21. Sekunde 21 katika dakika thelathini ni asilimia moja na kidogo. Waliomtangulia, watatu walikuwa na viatu vya bamba, kimoja cha kuazima. Hebu soma tena sharti lile: ukikimbia haraka utapewa kiatu. Ni kama kumwambia mtu aje na leseni ndipo afundishwe kuendesha gari.

Ningeweza kuishia hapo na mngenipigia makofi. Ila nilikutana na utafiti mwingine, wa 2023, ulioharibu hasira yangu nzuri. Waliwapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia, kwa viatu vya bamba na kwa kiatu cha kawaida cha soli nyembamba. Wapo waliofaidika kwa karibu asilimia 11. Na wapo waliopoteza kwa karibu asilimia 11! Kiatu kile kile, binadamu wa kiwango kimoja. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kwamba mpwa wangu angeingia kambini kama angevaa Vaporfly. Huenda kingemrudisha nyuma. Tena barabara ya udongo yenye mawe si mahali pa soli laini ya milimita 40.

Nilipotafakari nikaona jambo limekuwa baya zaidi. Kama kila mguu una kiatu chake, basi anayefaidika ni yule anayeweza kujaribu jozi tano na kuchagua moja. Mwenye mdhamini anazijaribu bure. Wa mitumba anajaribu ile iliyomtosha, ikiwa imeshatumika na mkimbiaji wa Ulaya ambaye aliitupa kwa sababu povu lilikwisha nguvu. Maana povu hili huchoka baada ya kilomita mia kadhaa, hata kama kitambaa cha juu bado kinang'aa. Kinachofika Kapkatet ni rangi.

World Athletics waliweka mwaka 2020 mpango wa kuwapatia viatu wanariadha wa hali ya juu wasio na mdhamini. Sawa, lakini mtu wa hali ya juu tayari ameshaonekana. Nazungumza juu ya ambaye bado.

Basi nina maombi mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa benki ya dunia.

La kwanza ni la bei rahisi kabisa. Ninyi mnaoandaa mchujo, ongezeni safu moja kwenye lahajedwali yenu. Jina, namba, muda, KIATU. Mkimbiaji akifika mwisho mnaangalia miguu yake, mnaandika: bamba, bila bamba, peku. Sekunde tano kwa mtu. Meneja anayejua kazi yake akiona 30:21 mbele ya neno "mitumba" na 29:50 mbele ya neno "bamba", ataanza kufikiri. Mwandaaji mmoja nilimweleza akasema itawachanganya watu. Mzee wangu, wamechanganyikiwa tayari, ila hawajui.

La pili: jozi za kuazima. Klabu, shule au kaunti inunue jozi kumi na mbili za saizi mbalimbali na kampuni mbalimbali, ziwekwe kwenye sanduku pale uwanjani Kapkatet, ziandikwe kilomita zilizokimbia kama gari, na zitolewe siku ya mchujo na siku chache za kuzoea tu. Maktaba inafanya hivyo kwa vitabu. Hesabu yangu inasema ni kama shilingi laki nne, chini ya zile tunazotumia kwa hema na viti vya wageni siku ya kukabidhi vikombe.

Programu ya kusajili jozi na kilomita nimeshaianza, na itafanya kazi kwenye simu ya elfu sita, naapa. Kwenye orodha ya majaribio nimemwandika mpwa wangu peke yake. Safu ya kiatu inasema: "mitumba, saizi 42, cha kushoto kimeshonwa mara tatu." Mchujo mwingine ni mwezi ujao. Mwenye saizi 42 iliyolala kabatini anajua namba yangu.