Ihefu: Hesabu za kompyuta na lawama za ng'ombe

KILA kiangazi Mto Ruaha Mkuu unapokatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, swali huwa ni lile lile: maji yamekwenda wapi? Tangu mto huo uanze kukauka mwanzoni mwa miaka ya 1990, jibu jepesi limekuwa kumnyooshea kidole mfugaji.

Lipo jibu jingine, lililotolewa mwaka 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji (IWMI). Wao waliijenga upya Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu, ndani ya kompyuta.

Modeli yao haitishi. Ni kama daftari la mapato na matumizi: maji ya mito na mvua yanaingia, mengine yanapaa kwa jua, yanayobaki yanatoka. Ufunguo wa yote ni mwamba wa Ng'iriama, uliokaa kama kizingiti cha mlango. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, Ruaha haipati kitu hata kama kinamasi bado kina maji.

Hesabu ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1958 na 2004, maji yaliyoingia Ihefu miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70. Eneo la kinamasi wakati wa kiangazi likasinyaa kutoka kilometa za mraba 160 hadi 93. Sababu kuu iliyotajwa ni maji yanayochepushwa huko juu, hasa kwa umwagiliaji.

Hapo ndipo hesabu ilipogongana na siasa. Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kuwa ifikapo 2010 Ruaha itatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika hifadhi. Mto ukaendelea kukatika. Ng'ombe hunywa na hukanyaga, ni kweli. Lakini mifereji ipo juu ya kinamasi, nayo haikuhamishwa.

Ili kiwango cha chini cha maji kipite hifadhini wakati wa kiangazi, modeli inasema ni lazima takriban mita saba za ujazo kwa sekunde ziingie Ihefu, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikifika wakati huo. Mhandisi anaweza kuona huo ni ufujaji, akatamani kuchimba njia ya mkato. Akumbuke kuwa samaki, ndege na nyasi za Ihefu huishi kwa maji hayo hayo yanayohesabiwa kuwa yamepotea.

Modeli hiyo ilipima wingi, si usafi. Kinamasi kinaposinyaa, mbolea na dawa zilizotoka mashambani hubaki katika maji machache zaidi. Kulihesabu hilo kunahitaji sampuli za mwaka hadi mwaka, na kazi ya kuchota sampuli haina mvuto kama operesheni ya kuhamisha watu.

Mpunga ukishavunwa, milango ya mifereji ingeweza kufungwa. Tatizo ni kwamba vijiji vingi hutegemea mifereji hiyo kwa maji ya kunywa. Kwa hiyo bajeti ya kuiokoa Ruaha ilipaswa kuanza na visima vya Mbarali.