Hakuna mwezi wa kumpiga nzohe jike

Ndugu yangu, umeandika kwamba Kenya iondoe marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977, na kwamba tukiweka msimu wa kuwinda majike wasio na pembe, kama wa nzohe, swala wa kinamasi, wakulima wa Kitale na Bungoma watapumua. Sikubali.

Mfano wako umetoka Marekani. Kulungu wa huko huzaa kwa majira, wengi Mei na Juni. Bunduki ikilia Novemba, mtoto amekwisha kuacha ziwa. Sisi tuko karibu na ikweta. Nzohe wa kinamasi cha Saiwa huzaa mwaka mzima. Mama hukanyaga matete mpaka yawe kitanda juu ya maji, humlaza mtoto hapo, huenda malishoni, kisha humrudia kumnyonyesha. Nitajie mwezi ambao risasi haitamwacha mtoto huyo akingoja. Pongo wa Mlima Elgon, ambaye jike wake naye hana pembe, hana mwezi huo pia.

Tena unasema nzohe wamezidi. Wamezidi wapi? Hifadhi ya Saiwa ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, na haifiki kilomita za mraba 3. Mashamba yameizunguka. Nzohe hana pa kwenda ila matete hayo.

Hasara ya mkulima naiona, na inaniuma. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao. Tudai ilipwe upesi, na kama mnyama aliyekula shamba lako hayumo kwenye orodha ya sheria hiyo, tudai aingizwe. Kalamu yako ingefaa sana hapo.